Kitenge Uwanjani Ganshoren

Dada Tumaini,

Mvua ya Brussels hainyeshi, inanuna tu. Jana, hapa kitongojini Ganshoren, klabu mpya ya mtoto wa kaka ilimaliza msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana. Hawajawahi kushinda. Ghafla kijana wetu akachomoka na mpira! Kabla hajafika mstari wa bao, wifi yetu Mkongo akaingia uwanjani mbio, akamtandikia kitenge akanyage kama bwana harusi. Mwamuzi akatupa chini kitambaa cha njano: kosa! Wifi akamshukuru mwamuzi kwa vigelegele: “Merci papa, hata weye unamutandikia mutoto!”

Tukafungwa tena. Lakini timu nzima ilitoka ikikanyaga kitenge, mwamuzi nyuma yao.

Mkumbatie Mama. Siku nikirudi, nitandikie japo khanga moja.

Mdogo wako, Neema