Kikombe Nilichokionja

Mama,

Hukudanganya. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo nililokunyima ukiwa hai, na mengine yote yanaweza kusubiri.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Tangu Pasaka mjukuu wako Chebet alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na bado anakonda. Ana miaka kumi na mitatu sasa, mrefu, mwembamba kama wewe. Nilijua ni sukari kabla hajadungwa kidole. Nikaenda kliniki nimejiandaa kugombezwa kuhusu soda na mandazi. Lakini daktari wa sasa, binti mdogo tu, hakuniuliza mtoto anakula nini. Aliuliza kama kwetu kuna mtu ambaye vidole vyake hukakamaa vyenyewe.

Nikakukumbuka wewe, Mama. Niliona mikono yako kwenye mistari ya chai, vidole vimejikunja juu ya kikapu vikikataa kufunguka, na wewe unavinyoosha kimoja kimoja kwenye goti ukicheka: "Vimegoma hivi, vinataka likizo." Na nyapara kule juu anapiga kelele kwamba unazembea. Hata mimi nilidhani unazembea kidogo.

Walitupima damu, mimi na Chebet, sampuli zikatumwa ng'ambo. Tulingoja mpaka mistari tuliyokuwa tumepogoa hapa Boito ikachipua upya. Majibu yamekuja wiki iliyopita.

Ni hivi. Mwilini kuna protini ambazo kazi yao ni kuwasha jeni nyingine, kama nyapara anayepuliza filimbi asubuhi ndipo wachumaji waingie kwenye mistari. Mmoja wa manyapara hao husimamia ujenzi wa figo na kongosho mtoto akiwa bado tumboni, kisha anabaki humo maisha yote, akisaidia kongosho kutoa insulini. Maagizo ya kumtengeneza tunayapata mara mbili, kwa baba na kwa mama. Wewe nakala yako moja ilikuwa mbovu. Filimbi ikapulizwa nusu, kazi ikafanywa nusu. Hata madini ya kulegeza misuli figo zako zilikuwa zinayamwaga tu na mkojo, ndiyo maana ya vile vidole.

Chebet anayo hitilafu hiyo. Na mimi ninayo, Mama. Mimi polisi wako, niliyekuchunga usionje sukari.

Sasa unakumbuka siku ile ya picha ya tumbo? Figo moja ndogo, nyingine imejaa vifuko vya maji. Yule mtu wa kliniki ya zamani akakutazama juu ya miwani akasema, "Hizi umeziharibu mwenyewe, mama. Sukari haidanganyi, wewe ndio unadanganya." Umeziharibu mwenyewe! Zilikuwa hivyo tumboni mwa nyanya, hujaonja hata tone la maziwa, sembuse sukari. Wakakuongezea vidonge, na vilipokosa kufanya kazi wakakuongezea matusi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mwanamke asiye na nyama mwilini, anayepanda mlima na majani mgongoni, awe na sukari, na baba yake pia alikuwa nayo. Miaka kumi na moja walikutibu hivyo! Kuuliza tu kungewachukua dakika moja.

Lakini kinachonichoma si wao. Ni matanga ya Kimulot. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa imechemshwa kama kawaida yetu, maziwa na sukari humo humo, wewe umekaa na kachupa kako ka strungi ulikotoka nako nyumbani, ile chai ya rangi bila maziwa. Nikakunyang'anya kikombe mbele ya akina mama wote, nikaonja. Kilikuwa kichungu tupu. Badala ya kuomba msamaha nikasema, "Leo umeponea." Wakacheka. Ulipangusa ukingo wa kikombe kwa leso, ukanywa, ukaniuliza kama nimekula.

Na siku ya kukuzika nikasimama nikasoma kwamba ulikuwa mama mwema ila mbishi wa masharti ya daktari. Niliandika mwenyewe neno hilo, mbishi. Natamani kuirarua hiyo karatasi, lakini neno lilishaingia masikioni mwa watu.

Jana akina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi. Chai ikapita. Chebet alikuwa na kikombe chake cha strungi, na wifi yako Rael akanyoosha mkono, akakichukua, akakiinua mdomoni. "Si huyu naye ana sukari? Wacha nionje nione kama anatuficha." Alijifunza kwangu, Mama. Alikuwepo Kimulot.

Nilikikamata kile kikombe hewani, chai ikamwagikia biblia ya mtu. Nikasema yote nikiwa nimesimama: figo, kongosho, vidole, na kwamba kile nilichosoma kaburini kilikuwa uongo wangu. Nikawaambia nilionja kikombe chako na hakikuwa na hata chembe ya sukari. Rael alitazama chini. Chebet akajimiminia kingine.

Anadungwa insulini sasa, na sukari yake imeanza kutulia. Figo zangu na zake zitakuwa zinapimwa. Ninaogopa, sikufichi.

Lala, Mama. Mwisho wa mwezi tunaweka msalaba wa saruji kaburini kwako, watu wale wale watakuja, na nitasoma upya. Neno lile halitakuwepo. Na nakuahidi hili: Chebet atakunywa chai yake katika nyumba hii mpaka azeeke, na hakuna mtu atakayekionja kikombe chake, kuanzia na mimi.

Mwanao,
Chepkirui