Ule Udongo wa Kula Ulioniagiza

Binti yangu Rebeka, salamu nyingi kwako, kwa bwana yako, kwa mama mkwe, kwa wadogo zako na kwa Tabitha jirani. Nimefika kwa kaka yako hapa machimboni Kariandusi. Vumbi jeupe liko hata kwa chai, na maji ya mtungi hayataki kutulia yawe safi. Ule udongo ulioniagiza sababu ya mimba, siuleti. Walipofukia shimo la zamani kwa udongo huo huo walipanda mahindi juu yake, yakafa yote. Mama mmoja hapa, aliyezika mtoto mchanga juzi, ameniambia, "Hata mahindi yameukataa, na mimi nilikuwa naula kila siku." Na bado alikuwa anatafuna! Kile kipande kaka yako alikuletea Pasaka, kitupe. Nijibu upesi, mwanangu: mtoto anacheza tumboni ama ametulia?

Mama yako