Mkono Juu ya Sinia

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimehamia Tandika kwa Mama mpaka atoke eda ya Baba. Zamu ya Twalib imeisha. Kaka yangu karudi kwake Bunju analalamika mgongo – utadhani alikuwa anabeba zege hapa! Alikuwa analala kochini tu. Kabla hajaondoka kaninong'oneza getini: ile amplifaya ya Baba haizimwi. Mama hataki. Inawaka kutwa nzima, spika imeunganishwa lakini maiki hakuna, muziki hakuna.

Nimeingia chumbani. Mama kapungua, gauni linampwaya. Amekaa mkekani, mgongo ukutani, amplifaya pembeni, kiganja chake cha kulia kimelala juu ya bati lake. Nikamwamkia. Kaitikia marahaba bila kunitazama, kama vile nimewakatiza maongezi.

Jumatatu, 4 Agosti

Mama aliposimama kuswali adhuhuri nimeigeuza, nikafungua skrubu za chini na kuichungulia. Mimi fundi simu, mkate wangu ni bodi ndogo za kijani. Humu hamna bodi. Sanduku lenyewe Baba alilikunja kutoka kwenye sinia kubwa la harusi yao (Mama alinuna mwezi mzima, tunahadithiwa kila Idi). Juu taa za redio za zamani, vile vichupa vya kioo vyenye wekundu ndani. Chini ni waya tu: unatoka mguu wa taa hii kwenda mguu wa ile, rezista zinaning'inia hewani katikati, na kila fungu la waya limekazwa kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Fundo baada ya fundo, yote yanazungukia kushoto. Baba alikuwa mashoto.

Kazi safi! Nimelia kidogo, nikajifuta, nikaendelea.

Halafu nikauona waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Umekatwa. Haukukatika wenyewe. Ncha imekunjwa, ikavalishwa plastiki, ikafungwa uzi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia Mzee Mwishehe wa Buguruni, aliyekuwa anaimba na Baba enzi za kikundi chao cha taarabu. Kacheka mpaka kakohoa. Eti Baba alikuwa anakata ethi kwa makusudi, maana ikiwepo spika inanguruma na waimbaji wananuna. Wote walikuwa wanaijua shoti yake. Wakitaka kuisogeza wanaigusa kwanza kwa mgongo wa mkono, kiganja kisije kikanasa.

"Ila mama yako," kasema. "Yeye alikuwaga anaishika kiganja kizima. Sie tukawa tunamtazama tu."

Nimeweka mita yangu ya kupimia umeme. Umeme unavuja mpaka kwenye sinia. Kwa mkono mkavu unawasha tu. Kwa mkono wenye maji unaua, habari imeisha. Na Mama anatawadha mara tano kwa siku, kisha anarudi kukaa pale pale!

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia waziwazi. Mama, kitu hiki kitakuua.

"Hakiniumi."

Nikamwambia kinavuja umeme, huo anaousikia mkononi ndio umeme wenyewe.

"Mkono wa baba yako ulikuwaje mwishoni?"

Ulikuwa unatetemeka. Miaka miwili ile hata kikombe hakuweza kushika. Lakini mkono wa Mama aliushika usiku kucha, na Mama alilala hivyo hivyo, wa Baba ukitetemeka ndani ya wake.

"Basi ni huu," kasema. "Eda haijaisha, Raudha. Mie bado mke wa mtu."

Nikaenda kukaanga samaki. Nikawaunguza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya. Mama alipoingia bafuni nilichomoa plagi, nikasubiri, nikamaliza umeme unaobaki kwenye kapasita (hizo hata ukizima zinaweza kukurusha), nikachomelea ethi mpya kwa risasi ya kuyeyusha. Nikawasha. Mita sifuri. Spika ikaanza kunguruma, mmmm, nzito. Mzee Mwishehe hakukosea.

Mama karudi, kakaa, kaweka kiganja. Kakiondoa. Kakiweka tena.

"Umemfanya nini?"

Umemfanya! Si umeifanya. Chakula hakugusa, mchana wala jioni. Najua nimemwokoa. Mbona najiona muuaji?

Jumamosi, 9 Agosti

Mngurumo kutwa. Mama kageukia ukuta. Chai imepoa, uji umepoa.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi kimya. Nimefurahi kwanza, nikidhani Mama kaizima. Haikuzimwa. Taa zinawaka, spika haingurumi, na Mama amekaa mkekani anatabasamu, kiganja kiko juu ya sinia.

Nimechomoa, nimefungua. Ethi yangu imekatwa. Ncha imekunjwa, imevalishwa plastiki, imefungwa uzi wa katani. Fundo la kushoto. Nimeibonyeza nta kwa ukucha. Bado laini.

Nimemuuliza. Kasema yeye hata skrubu hajui inafunguliwa upande gani. Na kweli, ana mtoto wa jicho. Juzi tu mimi ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano! Mlango wa nje nilifunga kwa komeo. Bisibisi ililala chini ya mto wangu. Twalib nimempigia yuko Bunju, nasikia watoto wake wanagombana nyuma. Kaniuliza kwani kuna nini. Nikasema hakuna.

Uzi wa katani humu ndani haupo. Nimepekua kila droo.

Jumatatu, 11 Agosti

Basi, nimechoka kubembeleza. Nimechomoa plagi, nimeshika plaizi, nimekata waya wa umeme pale unapoingilia kwenye sinia. Plagi na mkia wake nimetia mfukoni. Kapasita nimezimaliza tena, hata cheche haikutoka. Taa zimepoa, nimezishika moja moja. Sasa ni sinia tu lenye vichupa.

Nilitegemea vilio. Mama kanitazama nikifanya yote hayo, kisha kasema polepole:

"Si kitu. Kesho natoka. Nitamuaga."

Kesho shangazi Chausiku, dada yake Baba, anakuja kumwogesha na kumtoa eda. Alasiri Twalib anamchukua Bunju akapumzike. Mama mwenyewe kapanga nguo zake kwenye begi. Kachagua hadi khanga ya kuvaa, ile ya rangi ya machungwa. Usiku kala wali sahani nzima. Nilitaka kupiga kigelegele!

Jumanne, 12 Agosti

Shangazi kafika mapema na ubani, udi, nguo mpya na jirani Zuena wa kumsaidia. Uani kumechangamka. Maji yamewekwa, mlango wa bafu umefunguliwa. Mama hakutoka.

Nimeingia. Khanga ya machungwa ameshaivaa. Begi liko mlangoni. Yeye kainama mkekani, kiganja juu ya sinia.

Mama, shangazi anasubiri.

"Nimeshamuaga," kasema.

Haya, twende basi.

"Nimeshamuaga, Raudha. Hajaniachia."

Nikadhani ni huzuni. Nikapiga magoti nikaushika mkono wake ili nimwinue taratibu, kama mtoto. Mkono hauinuki. Nimevuta. Nimevuta kwa nguvu mpaka kagumia, na sinia likaburuzika mkekani pamoja nao. Na kwenye kiganja changu nikausikia, chini ya ngozi yake, mtetemo ule. Ule ule wa Baba na kikombe.

Plagi ninayo mfukoni, nimeigusa kuhakikisha. Nimeleta mita, nimeweka juu ya bati. Sifuri. Nimebadilisha betri. Sifuri.

Nje shangazi kaita mara ya pili, anasema maji yanapoa. Naandika nimesimama hapa mlangoni kwa sababu mikono yangu inataka kufanya kitu na sijui ni kitu gani. Plaizi haina cha kukata tena.

Mama kaniangalia. Usoni kabisa, mara ya kwanza tangu nije.

"Mwambie wewe," kasema. "Wewe ndiye alikuwaga anakusikiliza. Mwambie mie nataka kutoka."