Picha ya Mama Mkwe Imetoweka Ukutani

Shoga, acha unachofanya usome hapa. Nimeibiwa!

Unaijua ile nyumba ya wanasesere ya binti yangu, niliyoigeuza jumba la sanaa? Zile picha alizochora marehemu mume wangu, kila moja ndogo kama kiberiti? Ya mama mkwe haipo. Ukutani umebaki msumari tu.

Na aliyekuja leo ni wifi yangu peke yake. Wifi asiyekanyaga kwangu bila kuitwa mara tatu!

Nimeenda kuleta chai, narudi mkono wake wa kulia uko mfukoni. Nampa kikombe anapokea kwa kushoto. Kwa kushoto, shoga! Yeye anayenisema kila siku sina adabu.

"Wifi, mkono una nini?"

"Nasikia baridi."

Baridi, na jasho linamtiririka!

Sasa sikia. Wiki iliyopita aliikodolea macho ile picha mpaka nikamshuku. Basi ile halisi nikaificha, jana nikachora ya bandia nikaitundika. Rangi haijakauka. Nikamvuta mkono: vidole vyote buluu!

Nikangoja matusi. Akasema taratibu, "Ni mama yangu. Hakupigwa picha hata moja. Wewe una nyumba nzima ya kazi za kaka yangu. Mimi nina nini?"

Akaondoka nayo. Sikumzuia.

Hapa navaa viatu nimpelekee ile halisi. Akiibusu ile pua niliyoichora mimi kabla sijafika, mama mkwe atafufuka anizabe kofi.