Bomba Linaloishia Uzioni

Kaka,

Salamu zikufikie huko ugenini. Sisi tupo, ila kikohozi cha Mama hakijamwacha. Nyumba yako mpya kule mlimani haijaingiwa hata tone. Bomba kubwa la maji ya mvua la mtaa wenu linaishia kwenye uzio, halafu linatumwagia sisi wa bondeni.

Nilimfuata mhandisi wa manispaa. Akaniambia, "Dada, bomba limefuata viwango. Viwango vinaishia pale uzioni."

Juzi ukuta wa jiko uliporomoka. Kitanda cha Mama nimekiinua kwa matofali, naye hashuki tena. Amenikataza kukuandikia. Mvua ikianza, hujifunika shuka gubigubi na kusema, "Afadhali kwa mwanangu ni pakavu."



Mdogo wako wa bondeni