Maski Uliyoniomba Wasikuvishe

Babu Ron,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia ile "marahaba" yako ya kutokea puani, lakini siwezi kuanza kuongea na mtu mzima bila kumwamkia. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nimechukia, na Kiingereza changu ni cha kazini, kimezoea kuomba radhi tu.

Wiki ya tatu hii tangu tukuzike, na hasira haijaniisha. Kanisani ilikuwa afadhali. Lakini kule ukumbini walikuwa wametundika ile picha yako na rafiki yako Dagi, wameikuza ukuta mzima, vijana wawili mmekaa juu ya torpido, lile bomu refu la majini, kama watu walioazima baiskeli. Akasimama mzee mmoja mwenye medali kifuani, akahutubia kuhusu mashujaa waliopanda mabomu chini ya maji ya baridi huku wakicheka. Akasema Dagi alikufa mazoezini, papo hapo, hakuteseka. Watu wakapiga makofi, halafu wakarudi kwenye soseji zao. Mimi nikaweka sahani chini, nikaenda kusimama nje karibu na mapipa ya taka. Huko angalau niliweza kuvuta pumzi.

Mimi najua Dagi alivyokufa, kwa sababu uliniambia bafuni. Miaka miwili nilikuwa kea wako, mtunzaji wa kulipwa, nikikuogesha katika nyumba yako ile ya Walthamstow, na tulikuwa na utaratibu wetu. Glavu za mpira nilivua, ingawa ejensi iliyoniajiri inakataza, kwa sababu harufu ya mpira ilikutetemesha. Uso nilikupangusa upande mmoja kwanza, kisha wa pili, kitambaa kisifunike pua na mdomo kwa pamoja. Sikukuuliza sababu. Ukiwa na siku nzuri ulinitania kwamba nakusugua kama sufuria, nami nilikujibu kwamba sufuria haibishani.

Siku ile televisheni ilikuwa inaonyesha wanajeshi wanaagwa kwenda Iraki, ukaitupia kandambili. Bafuni ukaanza kusema bila kuniangalia. Kwamba mlikaa wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, juu ya bomba la chuma lenye baruti kichwani, mmevaa suti za mpira, mnavuta oksijeni tupu kwa maski kutoka kwenye mfuko wa kifuani, ili mzame mpaka chini ya meli ya adui, mbandike bomu, mwondoke. Kwamba mlifanyia mazoezi kwenye ziwa huko Uskoti. Kwamba ukizama sana oksijeni ile inageuka sumu, midomo inaanza kuchezacheza, halafu kinakuja kifafa. Wakubwa walijua. Waliendelea kuwashusha, mita moja zaidi, mita moja zaidi, wao wako juu na saa zao na makoti makavu. Dagi alikaa mbele yako. Ulimwona anarusha mikono, anaivuta maski na haitoki, jinsi ilivyokazwa. Walipompandisha alikuwa ameutafuna mpira wa kupumulia pamoja na ulimi.

Halafu wakakutuma wewe kwa mama yake, ukamwambie hakuteseka. Ukamwambia. Mama wa watu akakukatia keki.

"Nilikula vipande viwili, Neema," ukasema. "Mpaka leo naisikia mdomoni."

Ulikuwa umeshakaa kitini na taulo lako. Ukalia, ukajikojolea, ukanishika mkono ukaniomba wasije wakakuvisha maski, hata kama unakufa. Nikasema sawa, Babu. Nikakuosha upya, hatukuzungumza tena habari hiyo.

Sasa sikia upumbavu wangu. Kila siku nilitakiwa kuandika kwenye lile daftari la karibu na simu: amekula nini, amekwenda choo, amekataa dawa gani. Siku ile niliandika, "Ameoga vizuri." Basi. Ningeandikaje kwamba mzee wa rika la babu yangu amejikojolea kwa kuogopa maski, asome supavaiza, asome kila kea wa zamu, asome binti yako Sheila ambaye tangu utoto amekujua kwa medali tu? Kwetu Morogoro aibu ya mzee unaisitiri. Bibi yangu alimuuguza babu mwaka mzima na hatukuwahi kusikia neno. Nikajiona nimelelewa vizuri.

Asubuhi ile kifua kilipokubana niliita ambulensi. Walikuja haraka, mwanamke na mwanamume, watu wazuri, sina la kuwasema. Wakafunua daftari. Ameoga vizuri. Amekula uji. Wakatoa maski. Nikasema hataki kuvaa hiyo. Yule mwanamume akasema hakuna anayetaka. Uliing'oa mara mbili, na ya tatu mwanamke akanigeukia.

"Mshike mikono, dada."

Nikakushika, Babu. Kwa mikono hii hii isiyo na glavu. Niliogopa utakufa, niliogopa wataniona sijui kazi, sijui niliogopa nini. Nilikubana mikono kwenye machela, nawe ukaniangalia. Hukugeuza macho mpaka yalipokuwa hayaoni tena.

Sheila alifika hospitali amechanganyikiwa, akaniuliza kama uliteseka. Nikamwambia hapana, hakuteseka. Lilitoka lenyewe. Akanikumbatia, na kwenye karatasi ya ibada akachapisha kwamba baba aliondoka kwa amani, ameshikwa mikono na mtu aliyempenda. Nimeisoma karatasi ile mpaka imelainika. Inanitia kinyaa, na mimi najitia kinyaa zaidi. Nanawa mikono kutwa, mpaka mwanangu ananiuliza, kwa Kiingereza chake, kama ninaumwa.

Nyumba yako imeshawekwa kibao cha kuuzwa. Medali na ile picha zimekwenda makumbusho, na wanatengeneza torpido ya plastiki watoto wapande wapigwe picha. Unayasikia hayo? Kitu kilichomla Dagi, watoto wapande wapigwe picha. Jana Sheila alinipigia simu, ananiomba siku ya ufunguzi wa maonyesho hayo niseme maneno machache kuhusu saa zako za mwisho. Anasema watu watafarijika. Kwa hiyo na mimi nimeshatafutiwa nafasi kwenye uongo huu, na kipaza sauti juu.

Sitoi hotuba hiyo. Jumamosi nakwenda kwake Stanmore, mchana kweupe, kabla ya huo ufunguzi wao. Ejensi wakijua habari za glavu na daftari, kazi sina, na kibali changu cha kuishi hapa kinategemea kazi hiyo. Nimeshalipima, nimelala nalo, nimeamka nalo. Msamaha sikuombi, maana ukinipa huenda nikatulia, na sitaki kutulia kabla ya Jumamosi.

Pumzika, Babu wangu. Nakuahidi hili moja. Nitamwambia binti yako kwamba uliogopa, kwamba uliniomba, kwamba mimi nilijua nikanyamaza, na kwamba mikono yako niliishika ili usiweze kuivua ile maski. Akiniuliza tena kama uliteseka, nitasema ndiyo.

Ni mimi,
Neema