Daftari la Baba Oresta

Jumapili, saa kumi jioni. Mvua imeanza tangu misa ya kwanza na haina dalili ya kuacha. Nimejifunika blanketi, nimevaa soksi mbilimbili, na bado natetemeka. Siyo baridi tu. Naogopa.

Nimeandika nikafuta mara tatu. Basi, acha niandike ovyo hivyohivyo, yanitoke.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati moja pembeni ya mji. Msimu huu watu wako kwenye ntumba: unakata nyasi, unazirundika, unazifukia kwa udongo mpaka pawe kilima, na shamba zima linajaa vilima hivyo. Unainama kutwa. Kwa hiyo kila mwaka, wakati kama huu, nusu ya foleni yangu ni migongo. Pale kazini tumeupa hata jina, mgongo wa ntumba. Mtu akiingia amejishika kiuno, mkono wangu unaandika diklofenaki ya kutuliza maumivu kabla hajakaa.

Baba Oresta (jina nimebadilisha) ni mkulima wa Malangali. Alipokuja mara ya kwanza nilimtania kwamba jembe limemshinda. Akacheka, nikamwandikia vidonge, akaenda. Siku tano baadaye akarudi, na safari hii hakucheka. Alisema usiku anatetemeka, na mgongo unamuuma hata akiwa amelala. Nikapima malaria, hana. Nikamchoma sindano ya maumivu, nikaongeza vidonge vya antibayotiki, siprofloksasini, nabahatisha tu kwamba labda ana mkojo mchafu. Nyuma yake benchi lilikuwa limejaa mpaka nje.

Sikumgonga mgongo kwa vidole nijue panapouma. Sikumpima miguu.

Mgongo wa ntumba ukilala unapoa. Hilo nalijua kabisa. Yeye aliniambia wa kwake haupoi, nikapita kama sijasikia.

Alhamisi mke wake na shemeji yake wakamleta kwa bajaji, wakamwingiza ndani wamembeba. Miguu imekuwa mizito, na tangu asubuhi ya jana yake hajakojoa. Nikamgonga taratibu katikati ya mgongo, akalia kama mtoto. Begani nikaona kovu bichi. Mama Oresta akasema lilikuwa jipu, lilipasuka lenyewe mwezi uliopita. Hapo nikaelewa ninachokiona.

Chuoni tulifundishwa kitu hiki siku moja tu, na sikuwahi kukiona. Vijidudu vya jipu vinaingia kwenye damu, vinakwenda kutengeneza usaha ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, na usaha ule unabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Ukichelewa kuutoa, mtu anaweza asitembee tena maisha yake yote. Maumivu ya mgongo, homa, miguu kulegea. Vilikuja kwangu kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio uleule wa kwenye kitabu.

Nikamwekea mpira wa mkojo, nikapiga simu kuomba gari la wagonjwa, nikaandika barua ya rufaa. Hospitali ya hapa mjini hawakukaa naye, jioni hiyohiyo wakamsafirisha Mbeya. Ijumaa akapigwa picha ya uti wa mgongo, akaingizwa chumba cha upasuaji, usaha ukatolewa.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nafuta.

Wagonjwa wetu wanakuja na daftari la shule, na kila tunachowapa tunakiandika humo. La Baba Oresta lilikuwa na kurasa mbili za mwandiko wangu. Kwenye barua ya rufaa niliandika kwamba mgonjwa amefika leo, basi; zile mara mbili za mwanzo sikuzitaja. Daftari nilikuwa nimeshalitia kwenye droo kabla sijaita gari. Nilijiambia nimelisahau.

Sikulisahau.

Leo natoka kanisani, simu ikaita. Daktari wa Mbeya, kijana kwa sauti. Usaha waliouotesha maabara kutafuta vijidudu hauoti kitu, kwa hiyo anauliza kama mgonjwa alishakunywa antibayotiki. Mke wake anakumbuka vidonge vyeupe, jina hajui. Wanataka kujua wamchagulie dawa ipi, na homa ilianza lini. Nikamwambia ngoja niulizie. Niulizie kwa nani, jamani, wakati aliyempa ni mimi?

Nilikaa kitandani nusu saa nzima na viatu vyangu vya kanisani. Niliogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kunyang'anywa leseni. Niliogopa nitakavyosemwa mtaani kwetu, Izia yote, nyumba kwa nyumba. Baba Oresta na miguu yake nilimkumbuka wa nne. Hilo linaniuma kuliko yote, na ndilo nilitaka sana kulificha hapa.

Nikatembea na mvua mpaka zahanati, nikazipiga picha kurasa zote mbili, nikamtumia. Chini nikaandika kwamba nilimwona mara mbili na sikumpima inavyotakiwa. Akajibu: "Asante dada, imetusaidia sana. Dawa za mshipa ataendelea nazo wiki kadhaa. Mguu wa kulia vidole vimeanza kucheza. Wa kushoto bado."

Nikampigia Mama Oresta, yuko naye hukohuko wodini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaanza kunishukuru. Nikamkatiza, nikamweleza yote, na daftari pia. 

"Nilikuona ukiliweka kwenye droo," akasema. "Nikajinyamazia. Ningesema, ungetuitia gari?"

Nilitaka kumwambia ningeita, hata kama angenitukana mbele za watu. Nadhani ningeita. Hiyo "nadhani" ndiyo inanitetemesha chini ya blanketi.

Mguu wa kushoto bado. Kesho asubuhi nitamfuata mganga mfawidhi, mkuu wetu pale zahanati, nimweleze kwa mdomo wangu. Akiniacha kwenye kiti changu, kila mgongo utakaoingia nitaugonga, nitapima joto, nitamwambia mtu anyanyue miguu yote miwili. Hayo nayaweza. Lakini wale wanaokaa mbele yangu, nikiuliza kitu wanaitikia ndiyo daktari, sawa daktari, ni wangapi wananyamaza kwa sababu wananiogopa?